Dawa Isiyo na Harufu

Jina la Profesa hakulisomea. Alilipata Jumapili moja mchana, kibarazani kwake, mbele ya mafundi kumi na mmoja, kiti cheupe na birika la kahawa. Kabla ya siku hiyo alikuwa fundi makochi kama wenzake, mtu mwenye mikono mizuri na mdomo usiopumzika, na karakana ya vyumba viwili nyuma ya nyumba. Katika chumba cha kwanza alichonga fremu na kuwamba vitambaa. Cha pili kilikuwa cha mkewe na cherehani yake.

Lililomponza ni kopo. Alipita mchuuzi mmoja, shati limepigwa pasi hadi linakata, akamwuzia dawa ya kuzuia maji na madoa kwenye vitambaa. Ukiitazama ilikuwa kama maji ya kunywa. Mchuuzi alisema ndani yake mna nano, yaani chembe ndogo kupita kiasi, ndogo hivi kwamba ukizipanga elfu moja kwa mstari hazizidi unene wa unywele mmoja. Profesa hakuelewa sana, lakini neno lenyewe alilipenda papo hapo, na tangu siku hiyo likawa halimtoki mdomoni.

Basi Jumapili hiyo akawaita mafundi wenzake, akamimina kahawa nyeusi juu ya kiti cheupe. Kahawa ikabingirika kwa matone, ikaangukia sakafuni, kiti kikabaki kama kimetoka dukani. Watu waliduwaa. Kipara, fundi viti aliyeshindana naye tangu wote wawili wana nywele, alipitisha kidole mara tatu, akakinusa, akakitazama kilivyobaki kikavu. Kwa Profesa hiyo ilikuwa furaha kuliko kuuza seti nzima.

Kuna mtu aliuliza kama inafaa kuziba pua wakati wa kuitumia. Profesa alimtazama kwa huruma, akamsogezea kopo.

"Kaka, kitu kibaya utakinusa. Hiki kina harufu gani? Vuta. Haya, vuta tena. Umesikia nini?"

Hakusikia kitu. Kopo likazungushwa, pua kumi na moja zikainama, hakuna aliyesikia kitu. Hapo ndipo Kipara akamwita Profesa, nusu kwa sifa na nusu kwa kejeli, naye akalichukua jina lote kama sifa.

Mchuuzi alikuwa amemwonyesha namna ya kuipaka kwa kitambaa, pole pole, kama mtu anayefuta vumbi. Lakini Profesa alikuwa na kompresa, mashine ya kusukumia hewa, na mtu mwenye kompresa hawezi kukubali kufuta viti kwa kitambaa kama mfanyakazi wa nyumbani. Akaitia dawa kwenye bunduki ya kupulizia rangi. Tena, kwa kuwa alifundishwa kazi na fundi mkali, alifanya kama wanavyofanya wapulizaji wote wazuri wa vanishi: alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, akafunga madirisha yote, akaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, kuzuia punje moja ya vumbi isinase kwenye kazi. Fundi mbovu angeacha madirisha wazi. Yeye hakuwa fundi mbovu, na hilo ndilo lililoleta balaa.

Kazi kubwa haikukawia. Mwenye ukumbi wa mikutano aliagiza viti sitini viwambwe upya na kutiwa ile dawa. Profesa akachukua thelathini na Kipara thelathini, vyake avifanyie kazi palepale ukumbini. Kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda, Profesa akaahidi kumwazima mwenzake kompresa mara tu atakapomaliza vyake.

Sasa kulikuwa na Bibi. Bibi alikuwa mama yake Profesa, na kazi yake pale karakanani ilikuwa kung'oa misumari midogo kwenye viti vikuukuu. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na meza ya kukatia, koleo mkononi, huku akisema. Alisema kuhusu uzi wa mkwewe, kwamba umepauka. Kuhusu fremu za mwanawe, kwamba zamani mbao zilikuwa mbao. Kuhusu majirani, ambao hawakuwa na jema. Hakuna aliyemjibu wala yeye hakuhitaji kujibiwa.

Jumatano asubuhi Profesa alipofunga madirisha, alimwomba mama yake atoke nje kidogo.

"Nitoke niende wapi?" Bibi alisema. "Mimi nimekula vumbi la msasa kabla wewe hujazaliwa."

Profesa hakusisitiza. Kwa imani yake hapakuwa na cha kukimbia: hakuna moshi, hakuna vumbi, hakuna harufu. Yeye mwenyewe kila baada ya viti viwili alitoka uani kuitazama kompresa, iliyowekwa nje kwa sababu ya kelele zake, akawa anapata hewa bila kujua kwamba anaihitaji. Bibi hakutoka. Aling'oa misumari ndani ya ukungu ule mwembamba kwa saa moja na nusu, akimweleza mwanawe kwamba anapuliza kwa haraka mno.

Alipomaliza, Profesa aliosha bunduki, akamwaga maji ya kuoshea kwenye mtaro wa nyuma, akapakia kompresa kwenye mkokoteni, akampelekea Kipara. Alirudi akipiga mluzi.

*

Ilikuwa saa nane mchana mkewe Profesa aliposhtuka. Alikuwa ameshona mito minne mfululizo bila mtu kumwambia kwamba mshono umepinda. Alisimamisha cherehani akasikiliza. Nyumba ilikuwa kimya, na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yake hajapata kuisikia nyumba ile ikiwa kimya mchana.

Alimkuta Bibi amekaa palepale, koleo limeanguka, mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia. Midomo ilikuwa imekauka na kubadilika rangi. Alikohoa kikohozi kidogo kikavu, kisha kingine, na alipojaribu kusema alitoa neno moja tu, nalo halikufika mwisho. Mkewe Profesa aliita mara moja, kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, naye akaja mbio na gundi mikononi.

Walijaribu kumlaza mkokotenini, lakini kila akilala pumzi ilizidi kukata. Mkewe ndiye aliyepata akili. Walipandisha mkokotenini kochi jekundu la mtu mmoja, mali ya mteja, wakamkalisha Bibi humo, wakamfunga kwa kamba ileile ya kufungia makochi yanapopelekwa kwa wenyewe. Profesa akashika mbele, mkewe akasukuma nyuma, wakaingia barabarani mchana kweupe.

Watu walitazama, maana kiti kilikuwa kizuri. Mwanamume mmoja mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi aliuliza bei yake, kisha akauliza kama bibi naye yumo kwenye bei. Wenzake wakavunjika mbavu. Profesa, ambaye hajawahi kuacha swali la mteja lipite bila jibu, aliinamisha kichwa akaendelea kuvuta. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Getini mwa hospitali mlinzi aliwazuia. Alisema mizigo inapita geti la nyuma. Profesa alianza kueleza, mlinzi naye akaanza kueleza kuhusu utaratibu, na pengine wangekuwa hapo hadi leo. Bibi hakuwa na pumzi ya kumtukana mtu, lakini aliinua kidole kimoja, akamwelekezea mlinzi, akamtazama. Geti likafunguliwa.

*

Daktari alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanawe Profesa, miwani ameipandisha kwenye nywele, maneno machache. Alimsikiliza Bibi kifua mbele na nyuma, akaamuru awekewe oksijeni, kisha akawageukia hawa wawili. Aliuliza imeanza lini. Aliuliza kama nyumbani kuna moshi wa kuni, rangi, dawa ya wadudu, kitu chochote kilichopulizwa.

Hapa Profesa alikuwa na nafasi yake ya kusema, na ningependa kukuambia kwamba aliitumia. Lakini mbele ya macho yake aliona kibaraza, kiti cheupe, pua kumi na moja zikiinama kwenye kopo. Alimwona Kipara akicheka.

"Ni uzee tu, daktari," alisema. "Ana miaka sabini na sita."

Bibi alikuwa amefumba macho chini ya ile barakoa ya oksijeni. Mkewe Profesa alimgeukia mumewe taratibu. Alikuwa amemfichia mengi mwanamume huyu: fremu zilizopinda, ahadi za kesho, wateja wa Jumamosi walioambiwa kitambaa hakijafika. Hili hakulificha.

"Baba, mwambie."

Profesa alitazama ukuta. Ukutani kulikuwa na picha ya mikono inayonawa.

"Daktari," mkewe akasema, "asubuhi alipuliza dawa ya vitambaa chumbani kwa mashine. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na mama alikuwa ndani."

Daktari hakumgombeza mtu, jambo lililomwuma Profesa kuliko kugombezwa. Alisema tu, kaniletee kopo. Mtu mzima akakimbia barabara ileile aliyovutia mkokoteni, akapita mbele ya duka lilelile, akarudi na kopo kifuani. Daktari alishusha miwani akasoma maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo Profesa siku zote aliyaona kama pambo.

"Inasema paka kwa kitambaa. Usipulize kwa mashine. Tumia mahali penye hewa. Usimwage mtaroni wala mtoni."

Profesa aliuliza, kwa sauti ndogo, imeandikwa kwa lugha gani. Daktari alimjibu kwamba kwa lugha tatu, na hakuna hata moja inayosemwa mtaani kwao, na kwamba hilo nalo si kosa lake. Kisha akavuta kiti akaketi, akamweleza kama anavyoelezwa fundi.

"Ndani ya mapafu kuna utando mwembamba, na lazima uwe na unyevu wake ili yafunguke na kujifunga vizuri. Hii dawa kazi yake ni kukataa unyevu. Ukiipaka kwa kitambaa, inabaki kwenye kiti. Ukiipuliza, inakuwa ukungu mwembamba sana. Pua haiukamati, koo haliuzuii. Unakwenda hadi chini kabisa, unatua pale."

"Lakini haina harufu," alisema Profesa, na hata yeye alisikia jinsi neno lile lilivyokuwa dogo.

"Haina. Kwa hiyo hukuwa na kitu cha kukuonya."

Aliuliza kama mama yake atapona. Daktari alisema anatarajia hivyo, kwamba wengi wa namna hii hupata nafuu kwa siku chache wakitolewa kwenye hewa ile mapema, na kwamba atamwangalia kwa karibu usiku na mchana. Ila kuhusu mtu anayeivuta kila wiki kwa miaka, alisema wazi kwamba hajui, na hata wanaochunguza mambo haya bado hawajafika mwisho. Profesa alikuwa hajawahi kumsikia msomi akisema hajui. Yeye mwenyewe, ambaye hakusoma, hajawahi kulisema neno hilo hata mara moja.

"Nani mwingine anaipuliza?" daktari aliuliza.

Profesa alifungua mdomo kusema hakuna. Kisha akakumbuka kwamba kesho asubuhi Kipara atafunga madirisha ya ukumbi, ataziba milango kwa magunia kama alivyofundishwa, na kuingia humo na viti thelathini, mkewe na binti zake wawili wakimgeuzia viti.

*

Njiani alipanga hila. Angekwenda kuchukua kompresa yake kwa kisingizio kwamba mkanda wake umelegea. Bila kompresa hakuna kupuliza, na bila kupuliza hakuna haja ya mtu kujua lolote. Ilikuwa hila nzuri kabisa, na hadi anafika kwa Kipara alikuwa ameshapunguza mwendo na kupata rangi yake usoni.

Alimkuta Kipara nje ya karakana yake amekalia ndoo iliyopinduliwa, na mafundi watano au sita wamemzunguka wakinywa chai ya jioni. Mkewe Kipara alikuwa pembeni akikata sponji. Profesa akasema habari ya mkanda. Kipara akasema chukua tu, ndugu yangu, usijali, kwani fundi rangi wa magari amemwazima kompresa kubwa zaidi na imeshapelekwa ukumbini.

Profesa alibaki amesimama, mkono juu ya kompresa yake ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Angeweza kuondoka. Alisema baadaye kwamba miguu yake ilikuwa imeshaanza kuondoka, ila mdomo ndio uliobaki.

"Usipulize kesho," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni mbaya. Ile dawa ni mbaya kwa mapafu."

Kipara aliweka kikombe chini. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni. Aliwakumbusha wenzake maneno ya Jumapili, neno kwa neno, na kwa sauti ya Profesa mwenyewe: kitu kibaya utakinusa, haya vuta, vuta tena, umesikia nini. Mafundi wakacheka hadi chai ikamwagika. Mmoja akainamia glasi yake akavuta pumzi ndefu, akatangaza kwamba chai hii ni salama. Kisha Kipara akakunja uso, akasema ameelewa mchezo: mtu anaitaka kazi yote ya viti sitini na anakuja kuwatisha wenzake.

"Mama yuko hospitali," Profesa alisema. "Hewa haiingii."

Vicheko vilikatika. Bibi alikuwa amewagombeza wote pale tangu wakiwa vijana, kila mmoja kwa zamu yake.

"Pole sana, bwana," alisema Kipara, na alimaanisha. "Lakini mama yako naye umri umekwenda."

Maneno yaleyale aliyoyasema yeye kwa daktari, na sasa aliyasikia kutoka kinywani mwa Kipara. Yalimchoma mno. Aliona haya, kisha akaona hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Umri haumo. Nilimfungia ndani nikampulizia. Saa moja na nusu. Mimi huyuhuyu niliyewaambia vuteni."

Lakini alijua mafundi. Mtu wa kazi ya mikono haamini maneno matupu, naye mwenyewe asingeamini. Akachukua vipande viwili vya sponji miguuni pa mkewe Kipara. Akaomba kopo la Kipara, akalowesha kitambaa kwa dawa, akakipaka kipande kimoja pande zote na kukiacha juani huku wote wakitazama. Kilipokauka, akamimina maji juu ya kile kingine, na kikanywa maji mpaka kikavimba. Akamimina juu ya kile kilichopakwa. Maji yakakataliwa, yakabingirika, yakamlowesha viatu.

"Daktari anasema ndani ya kifua kunataka unyevu," alisema. "Basi chukua hiki, ukitie ndani ya mama yangu. Ndivyo nilivyomfanyia."

Kipara alikigeuzageuza kipande kile, akitafuta kasoro. Mkewe hakutafuta. Alifunga mkasi, akasimama, akajipangusa vumbi la sponji.

"Shemeji, hii ndiyo tungeivuta kesho, mimi na wanangu?"

"Ndiyo."

"Basi hatuingii," alimwambia mumewe, kwa upole kabisa. "Na wewe huingii."

Mambo yakaishia hapo, maana Kipara ana maneno kwa kila mtu isipokuwa kwa mkewe. Alinung'unika kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akauliza kama Bibi anaweza kupelekewa uji. Mafundi wengine walimsindikiza Profesa hadi barabarani, wakimpa pole na kumcheka kwa zamu, na mmoja alitaka kujua kama atarudisha jina au atabaki nalo.

Kabla ya kurudi hospitali alipita kwa jirani wa nyuma, mwanamke auzaye miche, ambaye huchota maji ya mtaro ule kumwagilia vitalu vyake. Alimwambia asichote kwa sasa, na kwa nini. Mwanamke alimpeleka kwenye kitalu cha mwisho, akamwaga maji: yalikaa juu ya udongo kwa matone, yakikataa kuingia. Alikuwa amemgombeza mwuza mbolea tangu adhuhuri kwa udongo huo. Profesa aliahidi kuukwangua na kuubeba mwenyewe kwenye gunia, na alipokuwa akiukwangua, yule mwanamke alisimama juu yake akimwonyesha alipoacha.

*

Mwenye ukumbi hakufurahi. Aliwaita waoga, akasema atatafuta mafundi wa kisasa. Ndipo mkewe Profesa, ambaye kwa kawaida hakuulizwa kitu kwenye mazungumzo ya kazi, akamwuliza kahawa ikimwagika kwenye shati lake huwa anafanya nini. Akasema hulivua likafuliwa. Akamwambia basi viti navyo vitavuliwa. Atavishonea viti vyote sitini foronya za kuvaa na kuvua. Mwenye ukumbi alifikiri, akataka rangi ya bluu. Kuanzia hapo ikawa Profesa na Kipara wanamfanyia kazi mama mmoja mwenye cherehani, wakikata na kupiga pasi kwa amri yake, na wateja wakawa wanafika mlangoni wakiuliza yule mama yuko wapi.

Lakini hayo yalikuwa ya wiki iliyofuata. Ijumaa saa kumi, saa ya kuwaona wagonjwa, Profesa aliingia wodini peke yake. Barakoa ya oksijeni ilikuwa imeondolewa, umebaki mpira mwembamba puani. Midomo ya Bibi ilikuwa imerudi rangi yake. Daktari alikuwa amemwambia mlangoni kwamba kifua kinafunguka vizuri, kwamba ataruhusiwa baada ya siku mbili, na kwamba asikanyage tena karakana inapopakwa kitu chochote.

Alidhani atamkuta anawasema wauguzi. Alimkuta ametulia, mikono juu ya shuka, akiongea taratibu na mama wa kitanda cha pili kama mtu anayeaga. Miguuni mwa yule mama kulikuwa na kandambili za kijani ambazo Profesa alizifahamu.

"Umefika," alisema Bibi. "Kaa. Nisikilize vizuri, maana pumzi ni ya kuhesabu. Blanketi langu apewe mke wako. Kigoda utakiuza. Koleo mpe Kipara, yeye hana koleo la maana."

"Mama."

"Sina kinyongo. Nimekula chumvi nyingi. Hizi kandambili nimeshampa mwenzangu hapa, mimi siendi nazo popote."

Profesa alimshika mkono. Kwa daktari alisemewa na mkewe. Alikuwa amewaambia mafundi mbele ya chai yao. Aliona yote yale yalikuwa mepesi.

"Mama, si uzee."

Bibi alimgeuzia uso.

"Ni ile dawa niliyopuliza. Nilifunga madirisha mwenyewe, wewe uko ndani. Daktari aliponiuliza, nikasema ni uzee. Niliona aibu."

"Nilikusikia," alisema Bibi. "Nilikuwa nimefumba macho tu, sijafa. Nikasema, ikiwa mwanangu mwenyewe ameshaona ni uzee, basi ni uzee. Nikaanza kugawa."

Profesa alilia. Mtu wa miaka hamsini, mbele ya wodi nzima, kwa sauti, na hakujali nani anamwona. Kwa siku mbili mama yake alikuwa amelala pale akijiandaa kufa kwa neno lake yeye. Bibi alimwacha alie. Aliporidhika, alimvuta sikio, si kwa nguvu.

"Kwa hiyo uzee haumo?"

"Haumo, mama."

"Hata kidogo?"

"Daktari anasema moyo wako ni mzima kuliko wangu."

Bibi aliyapima hayo. Alivuta pumzi moja kwa uangalifu, kama anayejaribu kiatu, akavuta nyingine kubwa zaidi, na zote zikaingia.

"Na wenzako umewaambia?"

"Nimewaambia wote."

"Walikucheka?"

"Mpaka chai ikamwagika."

"Vizuri," alisema Bibi. Alijiinua akaegemea mto, akaunyoosha ule mpira puani, akamgeukia mama wa kitanda cha pili. "Samahani sana, mwenzangu. Naomba kandambili zangu."